Jinsi ya kufuatilia maisha ya frigeti ya Kifaransa iliyowinda meli za biashara

Anayetaka kuandika maisha ya frigeti (manowari ya matanga ya ukubwa wa kati) ya Kifaransa ya zama za Napoléon kwa kawaida huanza na frigeti yenyewe: ilijengwa wapi, ilikuwa na mizinga mingapi, nahodha wake alikuwa nani. Akifika safari zenyewe, hukwama. Njia inayofika ni kuanza na meli za biashara ilizoteka. Manowari ikizidiwa, nahodha wake hutupa baharini daftari la ishara na barua za amri, zikiwa zimefungiwa kitu kizito ili zizame, na karatasi zinazobaki huchukuliwa na adui. Meli ya biashara haiko hivyo. Ina mwenye chombo, wenye shehena, wenye bima, abiria na jamaa zao, na watu hao wote waliandika barua au walidai fedha zao. Nyayo za frigeti zimebaki kwenye karatasi hizo.

Mwongozo huu unatumia mfano mmoja, Bellone ya nahodha Guy-Victor Duperré. Safari zake ni chache, mwanzo na mwisho wake unajulikana, na ndani yake kuna karibu kila mtego anaokutana nao mtafiti wa mambo haya.

Andika mifupa kwanza

Kabla ya kufungua hati yoyote, weka safari zote kwenye ukurasa mmoja. Kwa Bellone, mifupa ni hii. Iliteremshwa majini Saint-Malo mwaka 1808. Mapema 1809 ilipenya doria za Waingereza ikaelekea Isle de France, ndiyo Mauritius ya leo. Katika mawindo yake ya Ghuba ya Bengal iliteka korveti (manowari ndogo kuliko frigeti) ya Kiingereza Victor tarehe 2 Novemba 1809, na frigeti ya Kireno Minerva tarehe 22 mwezi huo huo. Januari 1810 ilikuwa imesharudi kisiwani. Machi 1810 ikatoka tena, safari hii ikiongozana na vyombo ilivyoviteka: Minerva, sasa ikiitwa Minerve chini ya Pierre Bouvet, pamoja na Victor. Tarehe 3 Julai 1810, karibu na visiwa vya Komoro, kikosi hicho kilizivamia meli 3 za Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya India, zilizokuwa zimebeba pia askari waliopelekwa India. Ceylon na Windham zilisalimu amri. Astell ikaponea gizani. Tarehe 20 Agosti Duperré alifika bandari ya Grand Port kisiwani na kukuta Waingereza wameshaiteka ngome ya Île de la Passe mlangoni mwa bandari. Mapigano yaliyofuata yaliwagharimu Waingereza frigeti 4. Tarehe 3 Desemba 1810 kisiwa kizima kilisalimu amri, na Bellone ikatekwa humo bandarini.

Acha nafasi pana kati ya mistari, kwa sababu mapengo ndiyo yatakayokuelekeza pa kutafuta. Kuanzia Machi hadi Julai 1810 ni zaidi ya miezi 3. Frigeti 2 na korveti haziwezi kukaa muda wote huo bila kutia nanga mahali kuchota maji na kukata kuni. Liandike swali hilo penye pengo lake, usilizibe kwa kubahatisha.

Kila meli iliyotekwa ipate kadi yake

Kwenye kadi andika jina na tahajia zake zote, mwenye chombo, tani, ilitoka wapi na ilikuwa inakwenda wapi, shehena, siku na mahali ilipotekwa, chombo gani hasa kilichoiteka, Wafaransa wangapi waliwekwa ndani yake, mateka walipelekwa wapi, na mwisho wake.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayoachwa tupu mara nyingi, nayo ndiyo yenye uzito kuliko zote. Meli iliyotekwa ilikuwa na njia tano za kuishia. Ilifikishwa bandarini ikauzwa. Au ilitekwa tena njiani. Au ilichomwa kwa kuwa haikustahili kupotezewa mabaharia. Au ilipakiwa mateka wote ikaachiwa iwarudishe kwao, jambo lililofanywa sana na chombo kidogo kisicho na thamani. Au ilionekana ni ya nchi isiyopigana ikaruhusiwa kwenda zake. Njia ya sita, ya nahodha wa Kiingereza kujikomboa kwa kutia saini hati ya deni, ilipigwa marufuku na sheria ya Uingereza mwaka 1782. Ukikutana na habari ya fidia ya namna hiyo baada ya mwaka huo, itilie shaka na tafuta shahidi wa pili.

Tazama kadi ya Windham. Tarehe 18 Novemba 1809 ilitekwa na kikosi cha nahodha Mfaransa Jacques Hamelin kwenye Ghuba ya Bengal, pamoja na United Kingdom na Charlton. Desemba hiyo hiyo, ikiwa inapelekwa Isle de France, frigeti ya Kiingereza Magicienne iliikomboa. Tarehe 3 Julai 1810 ikaangukia mikononi mwa Duperré. Tarehe 21 Agosti 1810 mashua za frigeti ya Kiingereza Sirius zikaikomboa tena, pwani ya Isle de France. Meli moja, mistari 4, ndani ya miezi 9 na siku chache. Asiye na kadi ataihesabu Windham kuwa meli 2 zilizopotea, na jumla yake ya hasara za Kampuni itakuwa na makosa. Wafaransa waliiteka mara 2, hilo ni kweli. Lakini shehena haikuuzwa Isle de France hata mara moja, na hilo nalo ni kweli. Kadi inakulazimisha uandike yote mawili.

Kadi hiyo inafichua kosa jingine linalorudiwa mno. Novemba 1809 Wafaransa walikuwa na vikosi viwili tofauti katika Ghuba ya Bengal: Hamelin akiwa na Vénus, Manche na Créole, na Duperré akiwa na Bellone. Kwa kuwa mwezi ni mmoja na maji ni yale yale, mateka wa mmoja huandikiwa mwingine. Usiandike “frigeti za Kifaransa ziliteka” hata kwenye rasimu. Andika jina la chombo, au andika kwamba hakijathibitishwa.

Majina yanayopotosha

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na inafaa kwenda polepole. Pande zote mbili zilitumia vyombo vilivyotekwa, mara nyingi bila kubadili jina, na jina la chombo kilichopotea lilipewa kingine haraka.

Victor ni mfano mzuri. Ilijengwa Saint-Malo kwa ajili ya Robert Surcouf ikiitwa Revenant. Serikali ya Isle de France ikaichukua na kuiita Iéna. Waingereza wakaiteka mwaka 1808 wakaiita Victor. Bellone ikaiteka 1809, na Wafaransa wakaacha jina la Victor kama lilivyo. Majina 3, bendera zimebadilika mara 2, ubao, yaani chombo chenyewe, ni ule ule.

Kinyume chake ni Ceylon: jina moja, vyombo viwili. Ceylon iliyotekwa na kikosi cha Duperré tarehe 3 Julai 1810 ni meli ya Kampuni. Ceylon iliyotekwa na Vénus alfajiri ya tarehe 18 Septemba 1810 ni frigeti ya kivita ya Kiingereza, iliyokombolewa siku hiyo hiyo. Tofauti ni wiki 11, na orodha nyingi zimezichanganya. Minerve nayo ina mapacha: ile ya Bouvet ni ya Kireno kwa asili, lakini Canonnière, frigeti nyingine iliyowinda bahari hiyo hiyo, nayo iliwahi kuwa Minerve ya Waingereza kabla ya kutekwa. Kuhusu Néréide, usiliamini jina hilo bila mwaka pembeni. Waingereza walipoteza moja Grand Port, kisha wakampa jina hilo Vénus baada ya kuiteka, huku Wafaransa wakileta Néréide yao mpya kutoka Ulaya.

Dawa ni namba. Kipe kila chombo, yaani ubao wenyewe, namba yako mwenyewe, na majina yote yafuate chini ya namba hiyo pamoja na tarehe ya kuanza na kuisha kwa kila jina. Tafuta pia kwa herufi bila alama za Kifaransa, kwa sababu makarani wa Kiingereza waliandika walivyosikia.

Tarehe na mahali

Kabla ya Januari 1806, hati za Kifaransa hutumia kalenda ya Mapinduzi. Mwaka una miezi 12 ya siku 30, na siku 5 au 6 za ziada mwishoni. Mwaka mpya huangukia Septemba 22, 23 au 24, kwa hiyo jedwali moja halifai kwa miaka yote. Pima jedwali lako kwa tarehe inayojulikana: 18 brumaire ya mwaka wa VIII ni 9 Novemba 1799. Likikupa tarehe 8 au 10, litupe. Kwa mwaka huo huo, 20 frimaire ni 11 Desemba 1799, siku frigeti Preneuse ilipoishia ufukweni Isle de France baada ya kufukuzwa na Waingereza. Bellone haina shida hii, maana wakati wake kalenda ya kawaida ilikuwa imesharudi.

Ina shida nyingine. Kwa desturi ya zamani ya mabaharia wa Kiingereza, siku ya baharini ilianza saa sita mchana, tena saa 12 mbele ya siku ya kawaida: alasiri ya Julai 2 iliandikwa chini ya Julai 3. Jeshi la majini la Uingereza liliamriwa kuiacha desturi hiyo mwaka 1805, lakini meli za Kampuni ya Mashariki ya India ziliendelea nayo kwa miaka mingi. Tukio moja la alasiri linaweza basi kuwa na tarehe mbili, moja kwenye barua ya Duperré na nyingine kwenye daftari la Kampuni, na wote wawili wako sahihi. Kabla ya kumsahihisha yeyote, angalia kama ukurasa wa daftari unaanza na saa za mchana au za usiku wa manane.

Longitudo nazo zina mtego wake. Wafaransa walihesabu kutoka Paris, Waingereza kutoka Greenwich. Paris iko digrii 2 na dakika 20 mashariki ya Greenwich. Ongeza kiasi hicho kwenye longitudo ya mashariki ya Kifaransa kabla ya kuiweka kwenye ramani ya leo. Ukisahau, karibu na Komoro utakosea kwa maili za baharini 137 hivi kuelekea magharibi, na pambano la baharini unaweza kuliweka pasipo pake kabisa.

Bandari pia zilibadilishwa majina. Kati ya 1806 na 1810, Port Louis iliitwa Port Napoléon, Grand Port iliitwa Port Impérial, na kisiwa cha Réunion kiliitwa Bonaparte, kikiwa kimeitwa kwanza Bourbon kisha Réunion, na baadaye kikalirudia jina la Bourbon. Hati za Kiingereza zinapotaja Johanna zinasema Nzwani.

Pima kila safari kwa upepo

Msomaji wa Kiswahili ana faida hapa, maana kusi na kaskazi si maneno ya kutafutwa kwenye kamusi. Meli za Kampuni zilizotoka Ulaya au Rasi ya Tumaini Jema kati ya Mei na Agosti zilipita Mlango wa Msumbiji ili kusi izisukume hadi India. Ndiyo maana mwindaji alijiweka Komoro mwezi Juni na Julai. Oktoba hadi Desemba, pwani ya mashariki ya India hupigwa na dhoruba za kaskazi, na mahali palipokuwa na doria za Kiingereza hupungua ulinzi. Ndiyo maana Novemba 1809 vikosi vyote viwili vya Kifaransa vilikuwa Ghuba ya Bengal. Kuanzia Desemba hadi Aprili ni majira ya vimbunga Isle de France, na frigeti hupenda kuwa bandarini zikitengenezwa. Tarehe inayoiweka frigeti mahali pasipo na sababu ya upepo ichunguze mara mbili.

Pima pia mwendo. Frigeti yenye upepo mzuri ilikwenda maili za baharini 150 hadi 200 kwa siku, na ilipopigana na upepo ikapata sehemu ndogo tu ya hizo. Kutoka Mayotte hadi Grand Port ni maili 850 hivi kwa mstari ulionyooka. Duperré alitumia siku 48, wastani wa maili 18 kwa siku. Hesabu hiyo inaonekana ya ajabu mpaka ukumbuke kwamba pepo za kusini mashariki zilikuwa usoni pake njia nzima, kwamba Minerve ilipoteza sehemu ya milingoti yake vitani, na kwamba kikosi kilitia nanga Nzwani kutengeneza. Hesabu isiyolingana huashiria kituo kilichosahaulika au tarehe iliyokosewa. Kwa upande mwingine, faili likidai maili 250 kila siku kwa wiki nzima, rudi ukatazame longitudo.

Hesabu watu kabla ya kuhesabu mizinga

Wasomaji hupenda mizinga, basi iwekwe sawa kwanza. Ratili ya Kifaransa ni gramu 489.5, ya Kiingereza ni gramu 453.6. Frigeti kubwa ya Kifaransa ilikuwa na mizinga 28 ya ratili 18 (uzito wa risasi yake) kwenye sitaha kuu, yaani 14 kila upande. Mkupuo mmoja wa mizinga hiyo ni kilo 123 za chuma. Mizinga 14 ya Kiingereza ya jina hilo hilo hutupa kilo 114. Tofauti ya kilo 9 haionekani kwa anayelinganisha namba 18 na 18. Na futi ya Kifaransa ni sentimita 32.48, si 30.48, kwa hiyo urefu uliotajwa bila kueleza ni wa nchi gani haufai kitu.

Hata hivyo, mawindo ya frigeti yaliishia pale watu walipokwisha. Chombo cha aina hii kilitoka bandarini na watu 300 na zaidi kidogo. Ukiweka watu 10 hivi kwa kila mzinga wa upande mmoja, sitaha kuu peke yake inakula 140, kabla hujahesabu wa matanga, wa baruti, wa sukani, wapiga bunduki na wagonjwa. Tuseme frigeti imeteka meli 3 kubwa na kuweka watu 25 katika kila moja. Wameondoka 75, na pamoja nao maofisa kadhaa, maana meli haipelekwi na baharia asiyejua kupima jua. Wakati huo huo mateka wameongezeka ndani, wanakula, wanakunywa maji, na wanahitaji walinzi. Frigeti hiyo sasa haiwezi kupigana na ya adui iliyo sawa nayo, na nahodha mwenye akili anageuza kurudi.

Fanya hesabu hii kila baada ya kadi mpya. Weka safu nne: waliopo, waliotoka, waliokufa au kuugua, mateka waliomo. Siku waliopo wanapokaribia 200, tafuta kwenye hati badiliko la mwenendo: kuchoma meli badala ya kuzichukua, kuwaachia mateka kwenye chombo kidogo, au kukatiza mawindo. Mwandishi anayemlaumu nahodha kwa kukimbia pambano mara nyingi hakuwahi kufanya hesabu hii.

Pa kutafuta

Upande wa Kifaransa, barua za kampeni za kipindi hiki ziko Vincennes, kwenye hifadhi ya historia ya ulinzi, mfululizo BB4. Karatasi za gavana Decaen wa Isle de France ziko Caen. Katalogi hutaja vyombo pamoja na neno dogo la Kifaransa linalotangulia jina, la Bellone, le Victor, kwa hiyo tafuta kwa njia zote mbili.

Upande wa Kiingereza, Hifadhi ya Taifa iliyoko Kew ina madaftari ya manahodha (ADM 51) na ya maofisa wa urambazaji (ADM 52), barua na mashauri ya mahakama za kijeshi (ADM 1), karatasi za meli zilizotekwa zilizofikishwa mahakamani (HCA 32), na rejista za mateka wa vita (ADM 103). Anza na mashauri. Nahodha wa jeshi la majini la Uingereza aliyepoteza chombo chake alishtakiwa kama kawaida ya kazi, na ushahidi wa hapo hutaja saa, umbali na hali ya matanga kwa undani ambao barua za ushindi hazina. Madaftari ya Kampuni ya Mashariki ya India yako British Library, L/MAR/B. Huko tafuta kwanza meli iliyoponyoka. Daftari la meli iliyotekwa lilikuwa hatarini kupotea pamoja nayo. Iliyokimbia ilikwenda na lake hadi bandarini. Kwa Julai 3, 1810, shahidi huyo ni Astell.

Magazeti yatumie kwa tahadhari. Habari za Isle de France zilichukua miezi kufika London au Paris, na tarehe ya gazeti si tarehe ya tukio. Lloyd's List, gazeti la London la habari za meli, lilitoa mistari miwili mitatu kwa kila meli, inatosha kufungua kadi, haitoshi kuifunga. Thamani za shehena zinazotajwa magazetini ni makisio ya siku za mwanzo. Mnada wa kisiwani ulipofika, wanunuzi wachache na wingi wa bidhaa vilishusha bei. Andika daima kama kiasi ni faranga au piasta, na kama ni makisio au mauzo.

Kulifunga faili

Frigeti iliyotekwa haijafa. Bellone iliendelea kutumika chini ya Waingereza ikiitwa Junon, na hati zake baada ya Desemba 1810 ziko chini ya jina hilo. Funga sura ya Kifaransa siku bendera iliposhushwa, kisha fungua ukurasa mpya chini ya namba ile ile ya ubao. Waingereza walipima na kuchora frigeti walizoziteka kabla ya kuziingiza kazini, na michoro hiyo, pale ilipobaki, hutoa vipimo vya chombo vizuri kuliko hati yoyote ya Saint-Malo. Ukiipata, rudi kwenye kadi ya kwanza kabisa na usahihishe urefu, upana na idadi ya matundu ya mizinga.